Gari la Ngozi Linapita Kayanza

Buyenzi, Bujumbura, 20 Julai 2003

Kaka Aboubacar,

Assalaam alaikum warahmatullah. Nyumba ingali imesimama. Naanza na hilo kwa sababu najua utalitafuta kabla ya salamu. Mama mzima, mi mzima, jirani yetu Mama Yasmina mzima ila ule mguu wake wa siku zote. Mabomu yalianza Jumatatu asubuhi huko kusini, watu wa Kinanira wakashuka na magodoro kichwani, nasi tukasema Buyenzi hayatafika. Siku ya nne moja likaanguka nyuma ya ukuta wa shule yangu. Darasa lilikuwa tupu, alhamdulillahi, lakini madirisha yote yamekwenda.

Mama amesema basi. Unajua alivyokataa kuhama miaka hii minane. Tangu ile Machi ya 1995, Baba alipokwenda kumtengenezea mtu gari Bwiza na mitaa ikawaka, jibu lake ni moja: "Massoudi alitoka kwa mulango huu, atarudi kwa mulango huu." Sasa bomu limemshinda. Anataka nimalizie masomo mahali ambapo mwalimu hasimamishi somo ili asikilize angani.

Miji aliyoitaja ni miwili, yote ya wasomi na yote iko upande wako: Ngozi uliko wewe na chuo chako, au Kayanza. Yeye anaelekea Kayanza. Anasema kuko karibu na Bujumbura kuliko Ngozi, na Baba akirudi Mama Yasmina atamwelekeza, masaa matatu atakuwa ametufikia. Anakuomba uende ukaangalie nyumba na shule, kisha utuandikie mji kwa mji bila kupendelea. Barua hii anakuletea Révérien, dereva wa ile minibasi nyeupe.

Mdogo wako,
Houda

(Karatasi ndogo)

Kaka, hii Mama hakusomewa. Ile kubwa ameisikia yote kabla sijaikunja, kama kawaida yetu.

Mi nataka Ngozi. Aliponiuliza nilisema "popote". We unanijua. Nikiitwa ubaoni Kifaransa kinaniganda, Kirundi kinaniganda, hata Kiswahili cha nyumbani kinakimbia. Barua zako nikimsomea Mama najikwaa kila mstari. Anacheka, anasema nasoma kama mutu anayevuka matope na viatu vya kuazima. Kwenye karatasi tu ndipo naweza kusema. Basi nakwambia wewe: Ngozi, kwa sababu uko wewe. Lakini usimwambie Mama kwamba nimesema.

H.


Ngozi, 10 Agosti 2003

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote. Nashukuru Mungu kwa madirisha ya shule, yalikubali kuvunjika badala ya watoto. Mi naendelea, chakula cha chuo ni maharage na kesho yake ni maharage.

Uliniomba mji kwa mji, nami nasema ukweli. Ngozi kuna watu wengi, kuna mtaa wa Waswahili, adhana utaisikia ukiwa kitandani, na Ijumaa utanusa pilau hadi barabarani. Ubaya wake ni sisi wanafunzi: tumejaza vyumba vyote, hata kibanda cha kuku kikisafishwa kinapata mpangaji. Kayanza ni mji mdogo. Baridi yake inaingia mfupani. Lakini shule yake inasifiwa, nyumba zina bustani, viazi ni vikubwa kama ngumi ya baunsa, na kweli kuko karibu na Bujumbura. Kama ni mimi ningesema Kayanza. Nimesikia kuna nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Jumamosi nitakwenda kuiona.

Mwanao,
Aboubacar

(Karatasi ndogo)

Houda, nimeitafuta Popote kwenye ramani ya Burundi, haimo. Labda iko Tanzania.

Jifunze kutaja kitu unachokitaka. Nitakuwa mwaminifu Kayanza, lakini nikikuta paa linavuja nitaliandika kwa herufi kubwa. Umeridhika?


Buyenzi, 31 Agosti 2003

Kaka Aboubacar,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Mvua bado. Mama Yasmina amepata mjukuu wa kiume, ameitwa Shakuru, analia kama king'ora.

Mama anasema niandike hivi, neno kwa neno: "Mwambie kaka yako kwamba siwezi kutoka katika nyumba ya mume kama mwizi. Ama yuko, nimungoje. Ama hayuko, nimulilie." Amekwenda kwa Sheikh Atumani. Sheikh alimwambia kuwa mke wa mume aliyepotea hungoja miaka minne, naye amengoja mara mbili yake, hakuna atakayemlaumu. Akae eda, miezi minne ya mwandamo na siku kumi, ndani ya nyumba ya mumewe. Ikiisha, yuko huru kuhama. Anaanza kesho. Kwa hiyo tutahama Januari, trimestre ya pili ya shule, na ile nyumba ya Kayanza umwombe mwenyewe atungoje.

Mdogo wako,
Houda

(Karatasi ndogo)

Amevua bangili zote. Ile nyembamba ilikataa, ilibidi tutumie sabuni, tukacheka, halafu hatukucheka tena. Koti la Baba lile la kaki alilitoa nyuma ya mlango, akalikung'uta kama anavyofanya kila Ijumaa, akalirudisha. Akasema, "Nguo za marehemu zinagawiwa eda ikiisha." Kaka, ni mara ya kwanza namsikia akisema marehemu. Nilikwenda uani nikajifanya napepeta mchele. Mchele ulikuwa umeshapepetwa.

Na Kayanza je? Ulisema Jumamosi. Jumamosi tatu zimepita.

H.


Ngozi, 28 Septemba 2003

Mama,

Nakuamkia. Nisamehe kwa kuchelewa, barabara ya Bugarama ilifungwa na magari yakangoja konvoi ya askari.

Njooni Ngozi. Kayanza baridi itakuumiza kifua, na maji yanakatika. Ile nyumba imeshachukuliwa. Hapa nimepata vyumba viwili kwa mzee Rachidi, fundi wa kushona, mtu wa dini. Ngozi ndiyo itakayotufaa.

Mwanao,
Aboubacar

(Karatasi ndogo)

Houda, safari hii usiseme popote. Ulitaka Ngozi, shika Ngozi. Lingine usiniulize.


Buyenzi, 19 Oktoba 2003

Kaka,

Assalaam alaikum. Wiki ijayo ni Ramadhani inshallah. Mjukuu wa Mama Yasmina anaendelea na king'ora chake.

Mama anasema amesikia habari za Ngozi, lakini yeye bado ni Kayanza. Nyumba moja ikichukuliwa zipo nyingine. Baridi anajua kuivalia. Kuhusu maji alimuuliza Révérien mlangoni, naye akacheka: "Maji ya Kayanza? Mama, yale yanatiririka hata ukiyakataza!" Mama akarudi kukaa. Aliniambia nisome tena barua yako, mara mbili.

Houda

(Karatasi ndogo)

Kaka, leo nitasema kwa sababu hunioni.

Mama yuko ndani siku arobaini na tisa sasa. Havai rangi, hajipaki mafuta ya harufu, hatoki hata kununua chumvi. Wanawake wanakuja kumpa pole, hata watu wa mtaa wa Gasenyi ambao hatukujua kama walifanya kazi na Baba. Na wewe, mtoto wake wa kwanza, umeandika barua nzima hukumpa pole ya eda. Hata neno moja. Alingoja nifike mwisho, akauliza, "Ndiyo yote?" Nikasema ndiyo yote.

Nilipata Ngozi niliyoitaka na haina ladha. Kayanza kuna nini? Kama umeoa huko bila kutuambia, sema, tutakusamehe, mi nitakucheka tu. Kama ni kitu kingine, sema pia. We ndiye uliyeniambia nijifunze kutaja kitu.

H.


Ngozi, 2 Desemba 2003

Houda mdogo wangu,

Karatasi ya Mama nimeiandika kwanza, ina salamu za Idi, pole ya eda, na habari za vyumba vya mzee Rachidi. Msomee ile. Hii isome peke yako kisha uichome.

Nilikwenda Kayanza Jumamosi ile ile niliyosema, tarehe 16 Agosti. Nyumba niliiona, ilikuwa nzuri. Nikitoka nikapita kando ya soko, mkono wa barabara kubwa. Pale kuna fundi wa baskeli chini ya bati moja. Alikuwa ameinama, anakaza nati huku anapiga mluzi katikati ya meno. Mluzi ule ninaujua. Kisha nikaona mkono wa kushoto, ile alama ya moto wa radieta.

Nikasema, "Baba?"

Aliangusha spana. Akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "Abu. Umerefuka." Kana kwamba natoka shule.

Nikamuuliza yuko hapo tangu lini. Akasema, "Nilisikia mulikufa wote Buyenzi."

"Nani alikwambia?"

"Watu."

"Ukaja kuangalia?"

Akaokota spana. Akaja mtoto wa kike wa miaka kama mitano na sahani iliyofunikwa, akamwita papa. Wapo watatu. Mama yao nilimwona kwa mbali, anauza matunda ya avoka. Baba alinifanyia ishara niondoke kabla mkewe hajafika, nami nikaondoka, Houda, kama mtoto aliyetumwa. Nilipokuwa nimefika barabarani akaniita. Nikafikiri atauliza juu ya Mama, juu yako. Akasema, "Koti langu lingalipo? Huku kuna baridi."

Ni masaa matatu kwa gari. Miaka minane.

Barua yako ya eda ilinikuta nina siri ya wiki mbili tumboni. Ningeandika mstari mmoja, eda isingeanza. Niliandika mstari huo mara nne, nikauchana. Nikasema bora alie mara moja kwa mtu aliyekufa kuliko kila siku kwa mtu aliye hai. Sijui kama ni huruma au ni woga. Nadhani ni woga, na ndiyo maana sikuweza kuandika pole.

Uko karibu naye kuliko mimi. Ukiona ni lazima ajue, mwambie. Mi nimeshindwa.

Aboubacar


Buyenzi, 8 Januari 2004

Kaka Aboubacar,

Assalaam alaikum. Leo karatasi ni moja tu, na utaelewa. Mama mzima. Shakuru mdogo ametoa jino. Eda ilikwisha juzi Jumanne.

Barua yako ilifika tarehe 20 Desemba, kwa sababu ya konvoi. Kaka, ulikosea. Ndani ya bahasha karatasi ilikuwa moja. Ile ya Mama, yenye salamu za Idi, sijui ulibaki nayo mezani. Révérien alikuwa bado amesimama mlangoni anakunywa maji, Mama ameshakaa kwenye mkeka ananingoja, nami nikafungua nikaona "Houda mdogo wangu".

"Karatasi moja leo?" akauliza Mama.

"Moja, mama. Ndefu."

Nikaanza kusoma. Macho yangu yalikuwa yanasoma ya kwako na mdomo wangu unasema mengine. Macho yako sokoni Kayanza, mdomo unasema nakutakia Idi njema Mama yangu mpenzi. Macho yanaona spana inaanguka, mdomo unasema mzee Rachidi amepaka vyumba chokaa. Nilisema pole ya eda, nikaiweka ndefu, nikamwombea Baba makao mema. Nilisema Mungu amlaze mahali pema, na wakati ule ule jicho langu lilikuwa kwenye neno koti. Sikujikwaa hata mara moja. Nilipomaliza Mama alisema tu, "Ahsante, mwanangu." Akainuka, akampokea Révérien kikombe mlangoni, wakazungumza kidogo kwa sauti ya chini. Mi nilikwenda kuificha karatasi ndani ya daftari la hesabu.

Siku kumi na saba nilinyamaza. Nakuungamia kama ulivyoniungamia. Nilimwona mama yangu anamkalia eda mtu anayekula na kunywa, na kila swala nilijiuliza dhambi hii itaandikwa kwa nani. Mara moja nilikwenda hadi kwa Sheikh Atumani. Nilisimama mlangoni hadi akatoka mwenyewe. "Unataka nini, binti Massoudi?" Nikamwambia nimekuja kuuliza saa ya swala ya alasiri. Mtoto wa Buyenzi, anauliza saa ya alasiri! Aliniangalia kwa huruma akanitajia.

Jumanne wanawake walikuja na maji ya udi. Walimwosha, wakampaka hina, Mama Yasmina akaleta pilau akisema mguu wake umepona kwa siku moja tu, kesho utauma tena. Mama alicheka. Alikuwa mzuri, Kaka. Ile bangili nyembamba iliingia bila sabuni, amekonda.

Jana asubuhi nilikuwa nafunga vyombo, akaniita tukae.

"Houda. Tutakwenda Ngozi."

Nikasema vizuri, mama.

"Haukuniuliza kwa nini nimeacha Kayanza."

Akachukua mkono wangu, akaugeuza kama anatafuta kitu.

"Tangu unajua kusoma, unanisomea kama mutu yuko anavuka matope. Ile siku ulisoma kama redio. Mi nikajua karatasi haina hayo maneno. Nikamuuliza Révérien: Kayanza kuna fundi wa kutoka kwetu? Akaniambia yuko mumoja wa baskeli, pembeni ya soko, ana kovu la moto mukononi. Nikamuuliza, ana watoto? Akaangalia chini."

Nililia. Nikamwambia, "Mama, kumbe ulijua, na ukaendelea kukaa? Zilibaki siku kumi na saba. Eda ya mtu aliye hai ni eda gani?"

"Mume wangu nimemulilia, na nimemaliza," akasema. "Alikuwa hawezi kulala kama mi sijafunga mulango. Alikuwa anarudi. Huyo alikufa. Yule wa Kayanza mi simujui."

Akaenda nyuma ya mlango, akatoa koti. Hakulikung'uta. Alilikunja mikono ndani, akalifunga kwa kamba ya katani, na leo tumekwenda nalo pamoja parkingi ya minibasi kukata viti vya Jumamosi. Révérien alikuwa anagombana na abiria mwenye mbuzi. Mama alingoja amalize, akampa kifurushi.

"Umupe yule fundi wa baskeli."

"Niseme imetoka kwa nani, mama?"

"Sema ni sadaka. Nguo za marehemu zinagawiwa eda ikiisha. Huko kuna baridi."

Mi sikuwa nimemwambia neno juu ya koti, Kaka. Wallahi sikumwambia. Révérien alilipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kisha Mama akamuuliza, "Gari la Ngozi linapita Kayanza?"

"Barabara ni moja tu, mama. Tunasimama kidogo, watu wananunua viazi."

"Soko liko upande gani?"

Akamwonyesha na kichwa.

"Basi tuwekee viti vya upande wa pili."

Hapo ndipo niliposema. Sijui sauti ilitoka wapi. Parkingi nzima ilinisikia, hata yule wa mbuzi aligeuka. Nilisema, "Mi apana. Mi nataka upande wa soko."

Nilifikiri Mama atakasirika. Niliangalia chini nikaona hina ya miguu yake. Akanitengeneza mtandio begani, akamwambia Révérien, "Mupe dirisha." Na mimi akaniambia polepole:

"Kaa kule. Mi ni mujane. We apana yatima."

Jumamosi, ututazamie kama saa tisa mchana, barabara ikikubali. Njoo utupokee mizigo, sufuria ni nyingi. Barua hii nimemsomea Mama yote kabla ya kuifunga. Nilijikwaa kila mstari.

Mdogo wako,
Houda binti Massoudi